Kikosi cha moto cha kijiji chetu (Mufindi) kilianza lini hasa? Nimekuta daftari la babu

#1 MjukuuWaZamu

Kamwene wakuu.

Kijijini kwetu Mufindi, pembeni ya shamba la miti la Sao Hill, tuna kikosi cha moto. Hakina gari wala sare. Kina rimu la lori lililofungwa kwa mnyororo kwenye mti, hatua chache kutoka ofisi ya kijiji. Likigongwa mfululizo bila kupumzika, kila kaya inatoa mtu mmoja mwenye nguvu, anachukua panga, fyekeo au jembe na kuelekea moshi ulipo. Likigongwa mara tatu tatu ni mkutano au msiba. Hata mtoto wa darasa la pili anajua tofauti.

Nimekua nikiambiwa kikosi hiki kilianza juzi juzi, watu walipoanza kupanda miti ya biashara. Sasa wiki iliyopita, baada ya arobaini ya babu, tumefungua sanduku lake. Chini kabisa, chini ya koti la mvua, kuna kaunta buku limeandikwa kwa penseli. Kichwa cha habari: ZAMU YA MOTO. Majina yapo kwa makundi ya watu kumi kumi, na pembeni ya kila jina kuna kifaa: "panga", "jembe", "tawi". Asiyetokea anatozwa shilingi tano au kuku. Kurasa za mbele kuna mistari kama "Bwana Miti amekuja, amesema njia iwe hatua ishirini". Mwaka haujaandikwa popote. Siku zimeandikwa Jumanne, Alhamisi, basi.

Naomba wenye kumbukumbu za huko kwetu au za vijiji vya aina hii wanisaidie. Kilianza lini, na nani alikianzisha? Babu ameondoka bila kusema na mimi sikuwahi kumuuliza. Linaniuma sana.

#2 Msomaji_Mpole

Pole kwa msiba mkuu. Weka picha za daftari, ila funika majina.

#3 Fyekeo

Pole mkuu. Hili halina ubishi. Vikundi vya moto vijijini vimeletwa na programu ya Panda Miti Kibiashara, ile ya serikali yetu na Finland. Ilianza 2014. Ndiyo waliotufundisha kuunda vikundi vya wakulima wa miti, kufyeka njia za moto na kuwa na kamati ya moto kila kijiji. Kabla ya hapo moto ulikuwa unawaka mpaka unachoka wenyewe. Hilo daftari la babu huenda ni la zamani kwa sura tu, karatasi ikikaa sandukuni na unyevu wa huku inazeeka upesi.

#4 MwalimuMstaafu

Fyekeo, hapo umeteleza. Programu ilikuta watu wanazima moto. Ilileta mafunzo, vifaa na ramani, hilo nakubali na ninalishukuru. Lakini mimi niliripoti kazini Mufindi nikiwa kijana, na wiki ya pili tu tulitolewa darasani na wanafunzi wa darasa la sita na la saba kwenda mlimani na matawi. Nani alikuwa amesikia habari za Finland wakati huo?

Mjukuu, tusaidie jambo moja. Tafuta kama kuna neno TANU au CCM. CCM ilizaliwa 1975, kwa hiyo utajua uko upande gani.

#5 Mnyalukolo_Asilia

Mwalimu shikamoo. CCM ni tarehe 5 Februari 1977, TANU na ASP walipoungana. 1975 ni Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa. Umechanganya majirani wawili.

#6 MwalimuMstaafu

Marahaba. Kweli kabisa, 1977. Asante.

#7 MjukuuWaZamu

Nimekaa na daftari usiku huu na tochi. TANU ipo! Ukurasa wa tisa: "Mwenyekiti wa TANU tawi amesema kila mjumbe wa nyumba kumi alete watu wake". Kwa hiyo ni kabla ya 1977.

Lakini kuna kitu kinanichanganya. Ukurasa wa pili, mwandiko ule ule: "Jumbe ameleta mapanga 4, moja limevunjika." Jumbe si cheo cha wakati wa mkoloni?

Picha nimeweka, majina nimefunika kwa kidole. Samahani kwa kivuli.

#8 Mnyalukolo_Asilia

Hapo sasa pametamu. Utawala wa machifu ulifutwa 1963, na majumbe wakaondoka nao. Mfumo wa nyumba kumi kumi ukaletwa na TANU baada ya Uhuru. Daftari lenye jumbe ukurasa wa pili na nyumba kumi ukurasa wa tisa limepita katikati ya zama mbili. Mimi nasema kikosi chenu kimeanza mwanzoni kabisa mwa miaka ya 60, pengine hata kabla. Babu yako alianza kuandika jumbe yupo, akaendelea jumbe hayupo.

#9 NjombeBaridi

Mnyalukolo, usikimbie hivyo. Kwetu Njombe mzee aliyekuwa jumbe aliitwa jumbe mpaka anazikwa, na amezikwa mimi nikiwa kidato cha pili. Cheo kinafutwa na serikali, mdomo wa watu haufuti. Hilo neno peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Mimi nina maelezo mengine. Angalieni hilo neno "Bwana Miti" na "hatua ishirini". Hayo ni maneno ya watu wa mashamba makubwa. Kwetu kampuni ya miwati ilianza 1949, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, maelfu ya ekari. Babu mzaa mama alikuwa kibarua wa kumenya magome. Alisema walifundishwa kufyeka njia, kukaa zamu kiangazi na kupiga moto kwa mstari, mtu na mtu. Mkataba ukiisha kibarua anarudi kwao na ujuzi wake. Ndivyo kazi hii ilivyosambaa vijijini, Njombe mpaka Mufindi. Muulize bibi kama babu yako aliwahi kufanya kazi ya miwati.

#10 Fyekeo

Watu wa Njombe kila kitu kimeanzia kwenu. Viazi kwenu, baridi kwenu, sasa na moto kwenu!

#11 NjombeBaridi

Hata maparachichi usisahau 😄

#12 BwanaMitiMdogo

Naomba niingie kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, nipo kwenye mashamba ya miti mwaka wa kumi na moja sasa.

Sao Hill majaribio ya kupanda yalianza 1939, lakini upandaji mkubwa ni miaka ya 70, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na lengo lilikuwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichokuja kufunguliwa 1985. Kwa hiyo Bwana Miti anaweza kuwa wa miaka ya 50 au wa miaka ya 70, wote walikuwepo. Ila upandaji mkubwa ulihitaji watu wengi wa kulinda moto, na vijiji vya jirani ndivyo vilivyotoa watu. Mimi naegemea miaka ya 70, kati ya 1974 na mwanzo wa 1977.

Nieleze na kwa nini hatua ishirini. Moto wa nyasi ukifika sehemu iliyofyekwa na kulimwa mpaka udongo mwekundu unaonekana, unakosa chakula. Njia ikiwa nyembamba, upepo wa mchana unarusha cheche ng'ambo na kazi yote imepotea. Misindano (paini) nayo ina balaa lake: majani yaliyodondoka yanajaa chini kama godoro, na moto unaweza kutambaa humo polepole huoni mwali. Ukipata matawi makavu ya chini unapanda kama mtu anapanda ngazi. Ukishafika juu ya vilele hakuna wa kuupiga kwa tawi. Hapo mnarudi nyuma, mnatafuta barabara au mto, mnawasha moto wenu wa kuupokea, na mnafanya hivyo tu kama kuna mtu anayejua upepo.

Tena moto unapanda mlima haraka kuliko kushuka. Kijana mgeni akiona moto uko bondeni anasimama juu kuutazama. Hapo ndipo watu wanapofia. Wazee wa vijijini wanalijua hili bila kufundishwa na mtu: wanaukabili kutoka nyuma na ubavuni, na wanapenda kuanza kazi saa nane za usiku, upepo umelala na umande umeshuka.

#13 Binti_wa_Kibao

Bwana Miti asante, nimejifunza.

Mimi nauliza kitu kingine. Mjukuu, katika hayo majina ya zamu kuna mwanamke hata mmoja?

#14 MjukuuWaZamu

Nimeangalia kurasa zote 31. Hakuna.

#15 Binti_wa_Kibao

Nilijua. Sasa nisikilizeni.

Bibi yangu aliolewa Kibao. Moto ukitokea wanaume walikimbilia mstari wa mbele na mapanga, na kila mtu anawasimulia hao. Wanawake walibeba maji kwa ndoo kichwani kutoka kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni, kupanda mlima, mara kumi, mara kumi na tano kwa usiku mmoja. Maji yale hayakuwa ya kumwagia moto, ni ya kunywa na ya kulowesha magunia. Maana kabla ya vifaa vya mpira watu walipiga moto kwa matawi mabichi na magunia yaliyolowa. Gunia likikauka halina kazi tena. Nani alilowesha? Na moto ukishapita wanaume wanakwenda kulala, wanawake na watoto wanabaki siku mbili tatu kulinda majivu, kwa sababu kisiki kinaweza kuficha moto ndani siku hata tatu na kikaulipua tena mchana jua likiwaka.

Bibi alipoteza mimba usiku mmoja wa kazi hiyo. Jina lake haliko kwenye daftari la mtu. Kwa hiyo mnapotafuta "nani alikianzisha", mkumbuke kwamba aliyeshika penseli aliandika anachokiona yeye.

#16 Msomaji_Mpole

Nimesoma #15 mara mbili. Pole sana dada.

#17 MwalimuMstaafu

Binti, umesema kweli na umenikumbusha. Wale wanafunzi wetu wa darasa la sita na la saba, wasichana tuliwapa ndoo. Sikuwahi kufikiri kwamba hiyo nayo ni zamu.

#18 Mkinga_wa_Milimani

Habari zenu. Mimi ni wa Makete. Kwetu habari ni ya nyasi, miti imekuja baadaye. Kule Kitulo, kabla haijawa Hifadhi ya Taifa 2005, moto ulikuwa wa wafugaji na wawindaji wa wanyama wadogo. Mwezi wa sita na wa saba jalidi inaua nyasi zote, zinakuwa rangi ya dhahabu, na ukidondosha njiti moja moto unatembea na upepo kuliko mtu anavyokimbia.

Hatukuwa na kikosi. Tulikuwa na yowe. Mtu akiona moshi anapiga yowe, wa mlima wa pili anapokea, wa tatu anapokea. Nasema hivi kwa sababu naona wote mnatafuta mwaka. Kwetu ukimuuliza mzee kikosi kilianza mwaka gani atakushangaa. Kijiji kinaanza, moto upo. Ni kama kuuliza watu walianza lini kuzika.

#19 Fyekeo

Mkinga naye kaja! Duka umemwachia nani?

#20 Mkinga_wa_Milimani

Mdogo wangu yupo. Na wa chini yake naye anajifunza chenji 😂

#21 Mnyalukolo_Asilia

Hoja ya #18 nzito, lakini kuna tofauti. Yowe ni la kila mtu, halina faini. Daftari la babu lina zamu, lina vifaa, lina adhabu. Hicho ni chombo, na chombo kina siku ya kuundwa. Na mimi nafikiri mzizi wake ni mgowe. Kwetu mtu akiwa na shamba kubwa anapika pombe, anaita watu, wanalima kwa siku moja, kesho kwa mwingine. Mpangilio ulikuwepo tayari. Mtu akaja akabadilisha jembe la kulima likawa jembe la moto. Hata zawadi ni ile ile: babu yangu alisema moto ukizimwa watu wanakaa chini na ulanzi unazunguka mpaka jua linachomoza.

#22 NjombeBaridi

Ulanzi mwezi wa kumi, mkuu? Ulanzi unagemwa masika, mianzi ikiwa inachipua. Moto mkubwa huku ni Septemba, Oktoba, mpaka mvua za Novemba zishuke. Wakati huo mianzi imekauka. Labda komoni, pombe ya nafaka.

#23 Mnyalukolo_Asilia

Nimekubali. Komoni. Babu alipenda ulanzi akauweka kila mahali kwenye simulizi zake.

#24 Mwanjelwa_Kwetu

Salaam kutoka Mbeya mjini. Uzi mzuri. Nauliza: hii yote si kazi ya Jeshi la Zimamoto? Kwa nini wanakijiji wafe wakati serikali ina jeshi? Sisi soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006 tulihangaika na ndoo, tukasema siku nyingine hatutaki hivi.

#25 Wakili_wa_Kijiji

Mwanjelwa, kwanza pole. Pili, wakati soko linaungua 2006 hakukuwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa maana ya sasa. Limeundwa kwa Sheria Na. 14 ya 2007, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kabla ya hapo zimamoto ilikuwa mikononi mwa halmashauri za miji, kila mji na uwezo wake. Kijiji cha Mufindi hakikuwa na wa kumpigia. Leo namba ni 114, na mpige mapema, msisubiri moto ukue. Lakini gari kubwa lenye maji halipandi mlima wa misindano usio na barabara. Litakaa njiani. Mtu wa kwanza kufika atakuwa jirani.

Upande wa sheria, Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kuwasha moto kiholela, na inampa wajibu aliyewasha moto shambani kwake kuuzuia usitoke. Vijiji vingi vina sheria ndogo pia: unaomba kibali, unaita majirani, unachoma jioni, hutoki mpaka umezima. Shilingi tano au kuku ya babu ilikuwa sheria ndogo kabla hatujaiita hivyo.

#26 Mwanjelwa_Kwetu

Asante wakili. Na ile ya soko la SIDO, lililoungua hapa hapa Mbeya?

#27 Wakili_wa_Kijiji

Hiyo ni 2017, jeshi lilikuwepo tayari. Ndiyo maana nasema uwepo wa jeshi haumalizi kazi ya wananchi. Hata Kilimanjaro Oktoba 2020, moto wa mlimani walikwenda askari wa hifadhi na zimamoto, na pamoja nao wanafunzi na wanavijiji wa kujitolea, mamia.

#28 Mchana_Mbao

Mimi nitasema kitu ambacho wengi hawataki kukisema. Zamani mlizima moto wa kijiji. Leo mnazima moto wa nani?

Mimi nachana mbao hapa hapa Mufindi. Miaka kadhaa nyuma rimu liligongwa saa saba mchana, tukaenda watu kama sitini. Moto umeingia shamba la misindano ya miaka minane, ekari nyingi, mali ya mtu anayeishi mbali kabisa, amenunua ardhi kwa wazee wetu kwa bei ya kusikitisha. Njia ya moto hakufyeka hata hatua tano. Tulipambana mpaka saa tano usiku. Kijana mmoja aliungua mkono na shavu. Tukaokoa zaidi ya nusu. Mwenye shamba alipigiwa simu, akasema ahsanteni, akakata. Dawa za yule kijana tulichangishana sisi.

Mwaka uliofuata rimu likagongwa tena, upande ule ule. Walitoka watu kumi na wawili.

Watu wakiniuliza kikosi kilianza lini, mimi nawauliza kitaisha lini. Wapo na wanaowasha kwa makusudi, nikisema uongo nihukumiwe. Mtu ana kinyongo cha mpaka, au aliuza ardhi akajuta, anaona njia ya kulipiza ni kiberiti. Sisemi ni haki. Nasema moto siku hizi una sababu zisizozimwa kwa tawi.

#29 BwanaMitiMdogo

Mchana Mbao, nimekusikia. Na sababu nyingine bado ni zile za siku zote: kuandaa shamba, kurina asali kwa moshi, kuchoma mkaa, kibarua kupika ugali wake pembeni ya msitu. Kwenye vijiji nilivyopita, vile vilivyoweka sharti kwamba asiye mkazi mwenye shamba la miti lazima afyeke njia kabla ya mwisho wa Julai na achangie mfuko wa moto, watu bado wanatoka. Vile visivyo na sharti, watu wanachungulia kwanza moto uko kwa nani.

#30 Fyekeo

Hapo mimi nasimama na Mchana Mbao asilimia mia. Na nirudishe maneno yangu ya #3 kidogo: vikundi vya wakulima wa miti vimesaidia sana hapo kwenye mfuko wa moto, lakini nakubali havikuzaa kikosi cha kina babu. Vilikikuta.

#31 Mtukuyu

Ndaga wote. Kwetu Rungwe mvua ni rafiki, moto hautusumbui kama nyie. Ila nimefurahi. Mjukuu, umeshamuuliza bibi?

#32 MjukuuWaZamu

Nimerudi wakuu. Jumamosi nilikwenda kijijini. Mvua ya kwanza ilinyesha njiani, nikashukuru.

Bibi mzaa baba anasikia kwa shida lakini kichwa chake kizima. Nikamwonyesha daftari. Akalinusa kwanza. Akasema, "Hili ndilo alilokuwa anafungia kwenye koti." Nikamuuliza kuhusu miwati (NjombeBaridi hii ni yako): ndiyo, babu alikwenda Njombe misimu miwili kabla hawajaoana. Nikamuuliza kuhusu jumbe: akacheka, akasema jumbe alikuwa baba yake mdogo na babu, na waliendelea kumwita hivyo hata alipokuwa mjumbe wa nyumba kumi wa TANU. Kwa hiyo NjombeBaridi amepata mawili.

Nikamuuliza, rimu lilitundikwa lini? Akasema, "Nilikuwa na mimba ya baba yako mkubwa, na tulikuwa tunakula yanga."

#33 Mnyalukolo_Asilia

Yanga, ule unga wa njano wa msaada! Basi ni njaa ya 1974. Baba mkubwa amezaliwa lini?

#34 MjukuuWaZamu

Kitambulisho chake kimeandikwa 1970, lakini yeye mwenyewe anasema alikadiriwa alipokwenda jeshini.

#35 NjombeBaridi

Unga wa njano uliliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 80. Tusifunge.

#36 MwalimuMstaafu

Miaka ya 80 haiwezekani kwa daftari, kwa sababu ya TANU. Lakini rimu na daftari si lazima vianze siku moja. Huenda zamu zilikuwepo na walikuwa wanaitana kwa yowe kama kina Mkinga, rimu likaja baada ya watu kusogezwa pamoja 1974. Kabla ya hapo nyumba zilitawanyika kila mtu kwenye mlima wake, rimu moja lisingesikika. Watu waliposogezwa kijiji kimoja, ndipo chuma kimoja kikatosha. Na nyumba zilikuwa za nyasi, zimebanana. Moto wa nyumba moja ungekuwa moto wa kijiji.

#37 Mnyalukolo_Asilia

Mwalimu, hiyo ya nyumba kubanana sikuwa nimeifikiria kabisa. Ila bado nashikilia mgowe.

#38 Binti_wa_Kibao

Mjukuu, bibi alisema lolote kuhusu maji?

#39 MjukuuWaZamu

Dada, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Sikumuuliza, alisema mwenyewe. Nilimsomea majina yote ya zamu, kundi kwa kundi. Kila jina akaeleza ni nani, yuko wapi, wengi ni marehemu. Nilipomaliza akasema, "Sasa andika na sisi." Akataja majina ya wanawake kumi na tisa, mmoja mmoja, na kila mmoja na chombo alichobebea: ndoo, debe, kibuyu. Nimeyaandika kwenye kurasa za mwisho zilizobaki wazi, kwa penseli kama ya babu. La kwake alilitaja la mwisho. Alibebea debe.

#40 Binti_wa_Kibao

Asante. Asante sana.

#41 Mchana_Mbao

Hilo daftari lipigwe nakala, moja ikae ofisi ya kijiji.

#42 BwanaMitiMdogo

Mjukuu, swali la mwisho kutoka kwangu. Rimu za malori mara nyingi huwa na namba au jina la kiwanda limechongwa upande wa ndani, wakati mwingine na mwaka wa kutengenezwa. Umeshaangalia?

#43 MjukuuWaZamu

Nimepapasa kwa vidole, kuna kitu kimechongwa. Lakini limepakwa rangi si chini ya mara tatu, ya mwisho kijani. Mwenyekiti wa kijiji amesema niandike barua, Jumamosi ijayo tutalishusha tukwangue.

#44 NjombeBaridi

Likishushwa, hiyo siku moto ukitokea mtagonga nini?

#45 MjukuuWaZamu

Mvua imeshaanza. Lakini nitaomba tukwangue likiwa huko huko mtini.

#46 Msomaji_Mpole

Nasubiri picha.